Jibu la Waziri

Bajia za Bi Zuwena, nyuma ya soko la Barani, hapa Malindi,
hufungwa kwa karatasi yoyote iliyopatikana:
daftari za hesabu, kalenda za benki,
na wiki hii, mara ya kwanza,
Taarifa Rasmi ya Bunge, safu mbili, herufi kama sisimizi.

Nilikuwa nimekwisha kula tatu nilipoliona jina:
Mhe. Menza Nguma. Menza wetu yule,
aliyeangushwa kwa kura mia na ushei,
akarudi Ganda kuuza saruji,
akafa mwaka jana na deni la mabati.

"Bwana Spika," anasema Menza kwenye karatasi,
"nasimama kuchangia hoja ya Namibia.
Mtu akikalia kiti cha mwenzake miaka sitini
haulizwi kama amekaa vizuri.
Huambiwa: inuka."
(Makofi.)

Nikageuza. Upande wa pili, siku ileile, jioni:
"Bwana Spika, zahanati ya Ngomeni haina mlango.
Muuguzi huegemeza meza usiku
mbuzi wasiingie wakala kadi za watoto."
(Kicheko.)
"Sikusimama kuchekesha, Bwana Spika."

Nikaiinua juani. Mafuta yalikuwa yamepenya,
pande mbili zikasomeka pamoja:
Namibia imelala juu ya Ngomeni,
majeshi ya kigeni yameegemezewa meza,
mbuzi wanaulizwa wataondoka lini.

Na ndivyo alivyokuwa akisema, wallahi, hata bila mafuta.
Naibu Spika alimkatiza mara mbili ukurasa mmoja:
"Mheshimiwa, hoja ni ya mambo ya nje. Rudi nje."
"Niko nje, Bwana Naibu Spika.
Wataliani wamesimamisha mitambo baharini pale pale Ngomeni,
hurusha kitu kikapaa kupita dua zetu.
Mkataba tulitia saini na nchi ya nje.
Mtambo ule una mlango, nimeuona kwa macho haya,
wa chuma, na askari wa kuufungua.
Wa Afya nimemchoka. Namuuliza Waziri wa Mambo ya Nje:
katika mkataba huo, mlango wetu uko kifungu cha ngapi?"

Waziri: "Bwana Naibu Spika, jibu la swali hili ni"

na hapo karatasi imechanwa.

Nilirudi. Njaa sina.
"Nipe za ishirini, na karatasi ya juu hiyo."
Ikatoka kodi ya sukari.
Za ishirini tena: kiapo cha mbunge nisiyemjua.
Kesho yake akatoka Menza, mwaka mwingine,
anaomba dakika moja tu,
na kengele imeshalia.

Bi Zuwena akanitazama, mwiko juu.
"Bajia mara nne kwa siku mbili. Una mimba weye?"
Nikamwonyesha ile nusu.

"Ah, hizo. Mjane wake alizileta kwa mkokoteni,
masanduku manne, tukazipima kwa mizani ya samaki.
Kilo shilingi thelathini. Hakubishana bei.
Alisema mumewe akizisoma usiku kwa sauti,
amesimama, ndani ya kikoi,
na akifika kwa Waziri hufunika ukurasa kwa kiganja
akajijibu mwenyewe.
Kila usiku jibu jingine.
Mengine mazuri, akasema, mpaka akilala akitabasamu."

"Na nusu hii ya pili iko wapi?"

"Nilichana mimi, kipande kilikuwa kikubwa.
Alipita kijana wa bodaboda asubuhi,
akachukua za mia, moto moto,
za mafundi wanaojenga Ngomeni."

Nikamuuliza wanajenga nini.

"Hakusema," akageuza bajia.
"Aliomba pilipili."